Ndoa Inayovuka Mpaka



Muumini wetu wa zamani, ambaye sasa anaishi Marekani, ametuuliza: je, ndoa za watu wa jinsia moja zilistahili kuhalalishwa na Mahakama ya Juu kwa taifa zima, au kila jimbo lingeachwa liamue lenyewe? (Tunasema majimbo ya kiserikali, si ya maaskofu.) Mafundisho ya Kanisa kuhusu ndoa anayajua, nasi tunayashika. Yeye anauliza nani aamue.

Tulipolichunguza jambo hili tuliona kwamba pande zote mbili zilikuwa zikibadilishana viti. Mwaka 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyoruhusu kila jimbo kukataa kuzitambua ndoa hizo zikifungwa katika jimbo jingine; lakini sheria hiyohiyo iliikataza serikali ya shirikisho kuzitambua popote. Massachusetts ilipoanza kuzifungisha tarehe 17 Mei 2004, Rais George W. Bush alikuwa amekwisha kuomba katiba ya taifa irekebishwe ili kuzizuia kila mahali. Waliozoea kusifu mamlaka ya majimbo wakalikimbilia taifa! Na waliolishangilia jimbo la Massachusetts walielekea mahakama za shirikisho baada ya wapiga kura wa California kuzikataa mwaka 2008.

Wakati huo watu waliishi katikati. Jim Obergefell na John Arthur walikuwa wakazi wa Cincinnati, katika jimbo la Ohio. Arthur aliugua maradhi yasiyo na tiba yanayolemaza misuli, hakuweza tena kuondoka kitandani. Mwezi Julai 2013 walisafiri kwa ndege yenye vifaa vya matibabu hadi Maryland, ambako wapiga kura walikuwa wameziridhia ndoa hizo mwaka 2012. Wakafungishwa ndoa ndani ya ndege ikiwa imeegeshwa uwanjani, kisha wakarudi nyumbani. Walipotua Ohio, kwa sheria ya huko, hawakuwa wenzi wa ndoa. Arthur alifariki mwezi Oktoba. Shauri lilihusu nafasi moja katika cheti cha kifo: jina la mwenzi aliyebaki.

Sisi mapadre tuna jambo la kusema hapa. Tunapofungisha ndoa tunaiandika katika daftari letu, kisha tunapeleka taarifa parokia walikobatizwa wahusika, iandikwe kando ya majina yao. Bwana arusi hawezi kuvuka mto akawa kapera. Ndiyo maana sheria inayomfanya mtu awe ameoa asubuhi Maryland na hajaoa jioni Ohio ilitushangaza hata pale ambapo ndoa yenyewe hatuiungi mkono.

Tarehe 26 Juni 2015 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba majimbo yote yazifungishe na kuzitambua. Jaji Mkuu John Roberts alipinga, akisema mjadala wa wananchi umefungwa kabla haujaisha. Neno lake lina uzito kwetu: Vermont mwaka 2009 na New York mwaka 2011 zilifikia uamuzi kwa mabunge yao, na aliyeshindwa kwa kura huwa anajua ameshindwa na jirani yake. Lakini mwaka 1967 Mahakama hiyohiyo ilizifuta sheria za majimbo 16 zilizozuia weupe na weusi kuoana, wala hatujamsikia mtu wa heshima akisema ingengoja kura.

Jibu letu kwa ndugu yetu, basi, ni hili: jimbo laweza kubishania ndoa zipi lifungishe, ila kuitambua ndoa iliyokwisha kufungwa ni kazi ya taifa. Sheria aliyotia saini Rais Joe Biden tarehe 13 Desemba 2022 inakaribia hapo. Inalazimisha kila jimbo kutambua ndoa iliyofungwa kihalali katika jimbo jingine, lakini hailazimishi jimbo kuzifungisha. Hilo linategemea bado uamuzi wa 2015, ambao Mahakama ilikataa mwezi Novemba 2025 kusikiliza ombi la kuutengua.

Ameshatujibu. Anasema tumemsahau mtu asiye na nauli ya kwenda Maryland.