Rahisi Huvunja Upishi?

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Nimelisikia neno hili tangu utotoni, Tanga, na kila aliyelisema alikuwa anamkanya mwenzake: usinunue mchele ule wa bei chee, utakuaibisha mbele ya wageni. Ukweli wake naukubali. Ila inazungumza kana kwamba kila anayenunua rahisi angeweza kununua ghali, basi tu hataki. Hapa Leicester, Uingereza, ninakoishi na dada yangu, methali hiyo iligeuka ugomvi wa jikoni.

Dada anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Mimi nasoma, na jioni nafanya vibarua. Kila mwisho wa mwezi lazima pesa ya dawa za presha za mama iende Ngamiani, na presha haijui habari za kusubiri mshahara. Nikapendekeza tuhamie kwenye supamaketi za bei nafuu zenye asili ya Ujerumani. Dada akanitazama kama niliyemwambia tukale jalalani. "Mdogo wangu, mimi sijavuka bahari nije kula vya kubahatisha." Basi tukakubaliana: badala ya kubishana, tupime.

Hizi supamaketi zina historia yake. Aldi ilianzia katika duka dogo la mama mmoja, Anna Albrecht, mjini Essen, mwaka 1913. Baada ya vita wanawe, Karl na Theo, wakalichukua na kuliendesha kwa ubahili wa makusudi: bidhaa chache, hakuna mapambo, mali inabaki ndani ya maboksi yake. Baadaye wakagawana biashara, na inasemwa chanzo kilikuwa ubishi kama wauze sigara au wasiuze. Uingereza waliingia mwaka 1990, na Lidl ikafuata mwaka 1994. Mpaka leo unaweka sarafu ya pauni moja ndipo ufungue kigari, na ukikirudisha mwenyewe unaipata, ili wasimlipe mtu wa kuvikusanya. Keshia naye anakurushia vitu kwa kasi utadhani unafukuzwa. Unachopunguziwa kwenye bei, sehemu yake unailipa kwa jasho lako.

Tuliandika orodha ya vitu kumi na vinne. Wiki hiyo hiyo tukavinunua mara mbili: kwanza katika duka la bei nafuu la karibu na kwetu, kisha katika supamaketi kubwa. Risiti ya kwanza ilisoma pauni 27.60, ya pili pauni 34.15. Tofauti ni pauni 6.55. Zidisha kwa wiki 52, unapata pauni 340.60. Dada alizitazama risiti zote mbili, akanyamaza. Dawa za mama zilikuwa zimo humo ndani ya hesabu, tena kwa miezi kadhaa.

Lakini nilipozilinganisha mstari kwa mstari, nikaona jambo. Maziwa, sukari, unga wa ngano na nyanya za kopo vilikuwa bei ile ile, mpaka peni ya mwisho. Kumbe tangu mwaka 2020 Tesco ilitangaza kwamba bidhaa zake kadhaa itaziuza kwa bei ya Aldi. Yaani duka la rahisi limewapunguzia bei hata watu ambao hawatalikanyaga maisha yao yote. Tofauti ya kikapu chetu ilitoka kwingine: kuku, jibini, biskuti, sabuni ya vyombo, mafuta ya zeituni.

Sasa tuje kwenye ubora. Unga nilisukumia chapati, moja kutoka kila mfuko, nikampa dada bila kumwambia ipi ni ipi. Alishindwa kuzitofautisha. Majani ya chai yalishindwa vibaya: chai ya maziwa haikupata rangi hata baada ya kuchemka sana. Ukiongeza kijiko cha pili cha majani, unafuu umeisha. Vitunguu vilinifundisha zaidi. Mfuko wa kilo moja ulikuwa peni 99, duka kubwa waliuza pauni 1.10. Nilipovimenya, gramu 200 zilikuwa zimeoza ndani. Kwa hiyo kilo ya vitunguu vinavyolika ilinigharimu pauni 1.24. Bei ya kweli ya chakula huandikwa kwenye ndoo ya taka. Ile ya kwenye rafu ni makadirio.

Mchele wote wawili tuliukataa. Tulikwenda Belgrave, kwa Wahindi, ambako baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972 wengi walifika na kufungua maduka, ingawa halmashauri ya jiji ilikuwa imelipia tangazo katika gazeti la Uganda kuwasihi wasije. Mzee tunayenunua kwake alizaliwa Jinja. Muhogo yeye huuita mogo, kama Wagujarati wengine wa Afrika Mashariki walivyolichukua neno letu, na akimwona dada husema kwa Kiswahili, "Karibu dada, leo mogo safi." Basmati yake ya gunia la kilo kumi ni pauni 15, yaani pauni 1.50 kwa kilo. Ya supamaketi, iliyovunjikavunjika, ilikuwa pauni 1.80. Bora na rahisi kwa pamoja! Ila sharti uwe na pauni 15 siku hiyo, na mabega ya kubeba.

Wasomaji wa Terry Pratchett wameshajua ninakoelekea. Katika riwaya yake Men at Arms ya mwaka 1993, kapteni Vimes anawaza kuhusu viatu: tajiri hununua jozi moja imara ya kudumu miaka, maskini hununua za hovyo tena na tena, mwishowe yeye ndiye aliyetumia zaidi na bado miguu imelowa. Mwandishi anachekesha, lakini hesabu yake ni ya Ngamiani kabisa. Pale mtaani kwetu watu hununua mafuta ya kupima na sukari ya robo. Ukijumlisha vile vipimo vidogo, lita yao ni ghali kuliko ya mwenye kununua dumu. Tunaimbiwa kuwa haba na haba hujaza kibaba. Dukani, haba na haba humjazia mwenye duka.

Kwa hiyo akiba ya miezi mitatu ya kwanza tuliituma kwa mama, tukamwomba anunue gunia zima la mchele kwa bei ya jumla. Akanunua. Baada ya wiki mbili tukampigia, tukakuta gunia limefika nusu.

"Mwanangu," akaniambia, "mchele wa robo ni wa kwangu. Wa gunia ni wa mtaa."

Majirani waliliona likishushwa. Huyu ana mtoto mgonjwa, yule mumewe hajalipwa, utamnyima nani? Mama hakulalamika, alikuwa anaeleza tu. Nikafahamu kwamba kununua kidogo kidogo nako kuna akili yake: kile ambacho hakipo stoo hakiombwi, wala hakiliwi na wadudu. Pratchett hakumpa Vimes majirani wa Ngamiani.

Siku hizi chai na vitunguu tunanunua duka kubwa, mchele Belgrave, vingine vyote kwenye bei nafuu. Mama tunamtumia pesa kila wiki mbili, kidogo kidogo, na yeye hununua robo yake. Ada ya kutuma inatuuma. Dada anasema hiyo nayo ni bei ya chakula, tuiandike kwenye risiti.