Taa Kuukuu za Barabarani Kuwa Zana za Kufundishia

Tangu mwaka 1973, ilipoamuliwa kuwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi, mji huu umeongeza barabara, na barabara zimeongeza taa. Taa zikichakaa huteremshwa nguzoni na kurundikwa ghalani. Sisi wakufunzi huziomba ili tuziweke katika mkusanyo wa zana za somo la sayansi.

Twasisitiza neno kuomba. Huandika barua, nasi hupewa idhini kwa maandishi, kwa kuwa taa ya barabarani ni mali ya umma hata ikivunjika. Mwalimu akiichukua kwa siri, wanafunzi watajifunza wizi kabla ya kujifunza nuru.

Jambo la pili ni usalama. Balbu nyingi za taa hizo zina zebaki, ambayo mvuke wake ni sumu. Kwa hiyo balbu na vifaa vya umeme twaviacha. Twachukua gamba na bati la kuakisi tu.

Ndugu mwanachuo, washa kibalbu cha tochi ndani ya bati hilo. Watoto wataona kwa nini mwanga hushuka barabarani badala ya kupotea angani. Somo hili lawezekana hata katika shule ya Kongwa au Mpwapwa isiyofikiwa na umeme.