Masafa ya Wawinda Dhoruba

Watu wanaowinda dhoruba katika nyika za Oklahoma na Kansas, nchini Marekani, hawana nia ya kulikamata windo lao. Hutaka kuliona, kulipima au kulipiga picha, kisha kurudi salama. Hasa tangu Aprili hadi Juni hutoka kwa magari kuyafuata mawingu makubwa yazungukayo, ambayo huweza kuzaa tonado, yaani upepo wa kisulisuli ushukao kutoka winguni hadi ardhini mfano wa mkonga wa tembo. Dhoruba yenyewe hwenda mbio kama gari, na mara nyingi mvua hukificha kile hasa kinachotafutwa. Kwa sababu hiyo aliye upande mmoja wa wingu ana haja ya macho ya mwenzake aliye upande wa pili. Macho hayo huazimwa kwa redio.

Desturi hii si ya jana. Mwaka 1961 Neil Ward, mtaalamu wa hali ya hewa, alifuata dhoruba ya Oklahoma katika gari la polisi wa barabara, na habari za aliyoyaona zilipelekwa kwa redio ya gari hilo. Siku hizi kila mtu ana simu, lakini minara ya simu ni haba mashambani, na huweza kunyamaza wakati uleule inapohitajiwa. Redio ya ridhaa, ambayo leseni yake ya kwanza hupatikana kwa mtihani wa maswali 35, haitegemei mnara wa kampuni yoyote. Tena neno moja husikiwa na magari yote kwa pamoja.

Lakini neno hilo lisemwe katika masafa gani? Wengi hutumia mawimbi ya mita 2, ambayo Marekani ni megahezi 144 hadi 148. Antena yake yaweza kuwa na urefu wa nusu mita tu, ikakaa juu ya paa la gari; na mikwaruzo ya radi, ambayo huyaharibu vibaya mawimbi ya masafa ya chini, hapa haisumbui sana. Kasoro yake ni kwamba mawimbi haya hupita karibu sawa na mshale, na mviringo wa dunia huyakatiza. Magari mawili katika uwanda husikiana kilomita kadhaa, wala si mamia. Kupita hapo hutakiwa kituo cha kurudia sauti, kilicho juu ya kilima au mnara, kisikiacho katika masafa mamoja na kutangaza katika mengine. Nacho dhoruba yaweza kukiangusha.

Mgeni wa kazi hii hukimbilia megahezi 146.52, masafa ya kuitana ya nchi nzima, au 146.55, ambayo wawindaji wengi wameyazoea. Yamkini hudhani kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Katika redio methali hiyo haina nguvu. Kwa utaratibu wa FM sauti yenye nguvu huimeza iliyo dhaifu, na zikilingana huzaa mluzi usio maana. Basi aliye umbali wa kilomita moja, akiuliza bei ya petroli, aweza kumfunika aliye kilomita kumi nyuma ya pazia la mvua, atakaye kusema kwamba wingu limegeuka. Na aghalabu huyo wa mbali, mwenye sauti dhaifu, ndiye aonaye wasichoona wengine.

Kwa hiyo kundi lenye busara huchagua mapema masafa matulivu ya gari kwa gari, na mengine ya akiba. Husikiliza kwanza kabla ya kusema, kwa kuwa sheria ya Marekani haimpi mwanaridhaa yeyote masafa ya kuyamiliki peke yake. Habari za hatari kwa wananchi hupelekwa katika kituo cha kurudia sauti cha wilaya, wanapokutana watu wa Skywarn waliofundishwa na Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa. Huko kuna msimamizi, na porojo hazina nafasi: ukubwa wa mvua ya mawe, mahali, mwelekeo, basi. Kila wilaya ipitwapo kituo huweza kubadilika, na kazi hiyo ni ya abiria. Dereva ashikaye vitufe badala ya usukani ni hatari kuliko wingu.

Wako wasemao kuwa kujitenga ni uchoyo, kwani mgeni aliye hatarini hataonyeka. Hoja hii si ya kupuuzwa. Tarehe 31 Mei, mwaka 2013, karibu na El Reno, tonado lililofikia upana wa kilomita 4.2 lilibadili njia na mwendo kwa ghafla, likawaua Tim Samaras, mwanawe Paul, na Carl Young, watafiti wenye uzoefu mkubwa. Hapana awezaye kudai kwamba redio ingewaokoa. Lakini muda wa kuonyana siku kama ile huhesabiwa kwa dakika. Jawabu ni redio mbili katika gari: moja ya kusema na wenzi, nyingine ya kusikiliza watu wote, na pembeni sikio la matangazo ya hali ya hewa katika megahezi 162.400 hadi 162.550.

Wingu likishapita na magari kukusanyika penye petroli, 146.52 hujaa masimulizi hadi usiku, na hapo hakuna akatazwaye.