Gari la Marehemu Baba

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia Land Rover ya mwaka 1978, ile ndefu, ambayo kwa miaka mingi ilibeba nazi kutoka shamba la Mambrui hadi Malindi. Watoto tu watano, wa kiume wawili na wa kike watatu. Karatasi za mirathi zilipotoka Mahakama ya Kadhi, na madeni yake yakiwa yamekwisha kulipwa, tuliafikiana gari liuzwe, kwani hapakuwa na mmoja wetu aliyeweza kulitengeneza.

Wanaoyajua magari hayo hawahadaiwi na sura. Bodi ni ya aluminiamu, haishiki kutu. Ukiiosha na kuipaka rangi hung'ara kama ya jana. Lakini fremu iliyo chini ni ya chuma, na chuma na hewa ya bahari havipatani. Fundi alijilaza chini ya gari, akagonga kwa bisibisi, na bisibisi ikapenya. Sehemu za nyuma, pale zinapofungwa springi, zilikuwa zimeliwa. Breki zilitaka kazi, na gia ya pili ilikuwa ikichomoka.

Dalali alitushauri tuipake fremu yote rangi nyeusi nzito, gari lipate shilingi 400,000. Mnunuzi akiuliza, tuseme tunauza kama lilivyo.

Tulibishana usiku ule, na hatutaki kujisifu hapa. Dada yetu mkubwa ni mjane, ana mtoto wa sekondari, naye alikwisha kuipigia hesabu bei hiyo: thumuni ya mama ni 50,000, na kwa idadi yetu kila binti hupata kiasi hicho hicho. "Kwani mnunuzi hana macho?" aliuliza. Hatukuweza kumlaumu, karo haingoji. Kaka yetu mdogo naye akataka gari litolewe kwa bei ya bure, tupate thawabu. Mama akamwambia kwamba la kusamehe ni fungu lake yeye, si la dada zake.

Kisha mama akatukumbusha kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni, alipotia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali alisema ni mvua. Akaulizwa mbona hakukiweka juu kilicholowa, watu wakakiona.

"Basi wanangu," akasema mama, "hiyo rangi nyeusi ndiyo nafaka kavu ya juu."

Tuliziandika aibu zote katika karatasi moja. Wanunuzi wawili waliisoma wakaenda zao. Wa tatu, mkulima kutoka Marafa, alijilaza chini mwenyewe, akagonga, akainuka na vumbi la kutu usoni. Alitoa 260,000, akaikunja karatasi yetu akaitia mfukoni, ampelekee fundi wake.

Fungu la dada likawa 32,500. Alizihesabu mara mbili, akazifunga katika pindo la leso, akaingia jikoni bila neno. Kaka mdogo alimfuata na sehemu ya fungu lake. Kaka mkubwa hakuweza; naye ana deni lake.

Mama alisimama dirishani gari lilipotoka. Kwenye kona ya msikiti gia ya pili ilichomoka, tukaisikia sote. Mkulima akairudisha, akaendelea.