Steringi Alipokufa Bariadi

Kila aliyekulia katika mabanda ya video anaifahamu sheria moja ambayo haikuandikwa popote: steringi hafi. Adui atamimina risasi, zote zitapita pembeni. Nyumba italipuka, naye steringi atatoka katikati ya moshi akijikung'uta vumbi. Mtoto aliyelipa kiingilio chake alikuwa na haki ya kuidai sheria hiyo, na mwenye banda aliyeleta mkanda ambao steringi wake anauawa alijitafutia zogo, pengine hata kurudisha fedha za watu.

Mimi niliijua sheria hiyo Bariadi, mwishoni mwa miaka ya 1990, mji ulipokuwa bado makao makuu ya wilaya ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulikuja baadaye, mwaka 2012. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na banda nje kidogo ya mji: kuta za udongo, paa la bati, magunia madirishani ili mwanga usiingie, na mabenchi membamba yaliyoyapatia mabanda yetu jina la vibanda umiza. Nje ilinguruma jenereta. Ndani palikuwa na televisheni moja, deki moja, na sauti ya mjomba.

Mjomba ndiye aliyekuwa mfasiri. Kiingereza chake kilikuwa kidogo na Kichina hakukijua kabisa, lakini upungufu huo haukumzuia. Alisimama kando ya televisheni na fimbo yake ya kuchungia, akatueleza kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kisukuma kwamba huyu anayepigana juu ya ngazi ni kijana wa Maswa aliyeibiwa ng'ombe wa baba yake, na kwamba yule mwenye suti nyeupe ni mnunuzi wa pamba ambaye mizani yake inapunja. Watu wazima waliokuwa wametoka kupima pamba mchana huo walipiga makofi kila mwenye suti alipopigwa ngumi. Leo, baada ya miaka mingi ya kufundisha na kusoma vitabu kuhusu uhusiano wa sanaa na siasa, sijaona mfano bora zaidi wa uhusiano huo.

Sanaa ya mjomba haikuwa yake peke yake. Kampala ilikuwa imeshamiri kwa wale Waganda wawaitao ma-VJ. Kwetu Tanzania aliyepata jina kubwa kwa kazi hiyo ni Derek Mukandala, ambaye wengi walimjua kwa jina la Lufufu, na kanda zenye sauti yake ziliuzwa mbali na mahali alipozitengenezea. Mjomba hakurekodi. Alisema usiku huu, na kesho akasema vingine.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya diski moja. Mwaka 2019 shirika la Marekani liitwalo American Genre Film Archive lilitoa diski ya Blu-ray yenye jina Wakaliwood Supa Action Vol. 1. Ndani yake mna filamu mbili za Uganda zilizoongozwa na Isaac Nabwana: Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 na Bad Black ya mwaka 2016. Mwenzangu kazini aliyerudi kutoka masomoni ughaibuni aliniletea nakala, akijua udhaifu wangu.

Asiyeijua kazi hiyo anastahili maelezo mafupi. Nabwana ni mwana wa Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala, na aliwahi kufyatua matofali kabla ya kuanzisha kampuni yake ya Ramon Film Productions mwaka 2005. Filamu hiyo ya kwanza inasimuliwa kuwa iligharimu chini ya dola 200 za Marekani. Bunduki zilitengenezwa mtaani kwa vyuma na mbao, helikopta zilichorwa kwenye kompyuta, na waigizaji walikuwa majirani. DVD ilipokamilika, waigizaji haohao waliibeba na kuiuza mkono kwa mkono, nyumba kwa nyumba, wakishindana na warudufishaji ambao wangeigeuza kuwa yao katika muda mfupi. Kionjo chake kilipowekwa YouTube mwaka 2010 kilitazamwa na watu duniani kote, hata Mmarekani mmoja, Alan Hofmanis, akafunga safari hadi Wakaliga na hatimaye akahamia huko. Katika Bad Black yeye ndiye anayeigiza daktari wa kizungu anayefundishwa kupigana na mtoto wa mtaani aitwaye Wesley Snipes.

Kisa chenyewe ni cha majambazi na askari, lakini kimesimuliwa kwa namna ya kukuvunja mbavu. Kapteni Alex anatumwa kulisambaratisha genge liitwalo Tiger Mafia. Juu ya sauti za waigizaji kuna sauti ya VJ Emmie, ambaye haachi kitu kipite: anatangaza mapigano kabla hayajaanza, anawasifu, anawakejeli, anakuuliza wewe mtazamaji kama umejiandaa. Toleo la awali, lisilo na sauti yake, halikubaki. Kilichookoka ni nakala aliyoisemea VJ, na hiyo ndiyo iliyofika katika diski ya Marekani. Maana yake ni kwamba yule ambaye wasomi wengi wangemwona mpiga kelele tu aliyepachikwa juu ya kazi ya wenzake, ndiye ambaye kazi hiyo imebaki pamoja naye.

Niliichukua diski hiyo nilipokwenda likizo Bariadi. Mjomba sasa ni mzee, anaishi na wajukuu, na banda lake ni ghala la mahindi.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Umetuletea nini kutoka huko kwenye vitabu?”

Nikampa diski. Akaigeuza, akaisoma picha za jaladani kwa muda mrefu, akaitia kwenye deki ya DVD ya wajukuu. Deki ikakoroma, ikaikataa. Diski ya Blu-ray ina mashine yake, na sikumjua mtu wa jirani aliyekuwa na mashine hiyo. Niliona aibu kidogo. Filamu iliyozaliwa upande wa pili wa Ziwa Victoria, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaofanana kabisa na mjomba wangu, ilikuwa imerudi nyumbani katika chombo ambacho nyumbani hakifunguki. Tukanunua bando, tukaitazama kwa simu iliyounganishwa na televisheni, kwa kuwa wenyewe wa Wakaliga waliiweka filamu nzima YouTube mwaka 2015.

Mjomba alicheka tangu mwanzo. VJ Emmie hakuwa mgeni kwake. Alimsikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi mwenzake. “Huyu anajua,” alisema. “Anawapa watu pumzi, halafu anawanyang'anya.” Wajukuu walicheka kwa sababu babu yao anacheka.

Kisha Kapteni Alex akauawa. Si mwishoni, katikati. Mjukuu mdogo akageuka akasema kwa mshangao wa haki iliyovunjwa, “Babu, steringi amekufa!” Kuanzia hapo filamu inajaa visasi. Ndugu yake Alex, bingwa wa kung fu, anamtafuta muuaji, mabomu yanaangushwa juu ya jiji, na filamu inakwisha bila kulijibu swali lililo kwenye jina lake. Nani alimuua Kapteni Alex? Hatuambiwi. Huko ughaibuni watazamaji huangua kicheko kwa mwisho huo, nami nilikuwa nimecheka nilipoiona mara ya kwanza.

Mjomba hakucheka. Alinyamaza hata wajukuu wakaenda kulala. Halafu akaniuliza kama namkumbuka bibi wa ng'ambo ya kisima.

Nilimkumbuka. Alikuwa mjane aliyetupa viazi vitamu tulipopita kwenda shule, na macho yake yalikuwa mekundu. Msomaji wa mikoa mingine huenda hajui uzito wa sentensi hiyo. Usukumani wanawake wazee wengi wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yamehesabiwa kuwa ushahidi, ilhali ni moshi wa kupikia, na hasa wa samadi kavu pale kuni zilipokwisha, unaoyafanya hivyo kwa miaka arobaini ya kuinama jikoni. Bibi huyo aliuawa usiku mmoja nikiwa shule ya bweni. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa kifo chake.

Siku zote niliamini kwamba mjomba alilifunga banda kwa sababu ya maofisa waliokuja wakachukua deki yake kwa kukosa kibali. Nimewahi hata kuutumia mfano huo darasani, nikieleza jinsi dola inavyomkaba mnyonge anayejitafutia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, stempu za kodi zilizowekwa kwenye kazi za filamu na muziki kuanzia mwaka 2013, maandamano ya wasanii wetu Kariakoo mwaka 2017 dhidi ya filamu za nje: yote nimeyafundisha, nikisisitiza kwamba msanii ana haki ya jasho lake na kwamba mwenye banda naye alikuwa mwalimu wa umma asiyelipwa. Bado naamini pande zote mbili za hoja hiyo. Lakini siyo iliyolifunga banda la mjomba.

“Deki niliikomboa baada ya wiki mbili,” alisema. “Nililifunga kwa sababu ya usiku ule. Jenereta ilikuwa inanguruma. Nilikuwa natafsiri, watu wanacheka, vijana wote wa kijiji wamo ndani. Mwano ulipigwa, sisi hatukuusikia.”

Mwano ni yowe la hatari la Wasukuma. Ukipigwa, kila mwenye nguvu hutoka na silaha yake na kulikimbilia. Juu ya desturi hiyo ndipo sungusungu walipojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipowashinda polisi. Wana sifa zao na wana lawama zao, nami sikusudii kuwasafisha hapa. Nasema tu kwamba kijiji kilikuwa na njia moja ya kumwokoa mtu usiku, nayo ilikuwa masikio.

“Huenda msingewahi, mjomba,” nilimwambia.

“Huenda. Na huenda waliofanya walijua sote tumo bandani. Mtu wa mbali angejuaje siku ya picha?”

Sikuwa na jibu. Nimezoea kuandika juu ya mauaji hayo kwa lugha ya mifumo: umaskini, ugomvi wa mashamba na urithi, waganga wapiga ramli, uzembe wa upelelezi. Maneno hayo ni kweli na sitayafuta. Lakini yana hatari ya kumwondoa mtu aliyeshika panga, na wale waliomjua wakanyamaza. Tumeizoea nafsi ya kutendwa: ameuawa, wameuawa, waliuawa na watu wasiojulikana. Nabwana ameweka swali la nafsi ya kutenda kwenye jina la filamu yake, akalirudia hadi mwisho, akakataa kulijibu. Pengine kwa mzaha, pengine kwa sababu anaijua nchi yake. Nami nauliza kuhusu nchi yangu: ni nini kinachotufanya tuone ni jambo la kawaida picha kwisha bila jibu?

Nina mapendekezo mawili, na sidhani kama ni ya gharama kubwa. La kwanza ni la watu wa taaluma yangu. Waliokuwa wakitafsiri mabandani, Bariadi, Maswa, Meatu na kwingineko, bado wako hai baadhi yao. Tuwarekodi kabla hawajaondoka. Filamu ya Wakaliga imehifadhiwa kwa sababu kuna mtu aliyeona thamani ya sauti iliyokuwa juu yake. Sauti za kwetu zimeachwa zipotee, na pamoja nazo kumbukumbu ya jinsi wakulima wa pamba walivyowacheka wanaowapunja. La pili ni la wenye mamlaka. Majalada ya mauaji ya wazee Usukumani yasichukuliwe kuwa historia. Yafunguliwe, familia ziambiwe upelelezi ulifika wapi, na pale usipofika, zielezwe kwa nini.

Diski nilimwachia mjomba. Ameiegemeza kwenye redio, picha ya jaladani ikitazama nje, ingawa hana mashine ya kuichezea. Asubuhi ya kuondoka kwangu alinisindikiza hadi kituo cha mabasi, na tulipokuwa tunasubiri gari la Lamadi akarudi kwenye ile filamu.

“Hao Wamarekani walioitoa,” aliuliza, “wao wanajua nani alimuua?”

“Hapana, mjomba. Hata mtunzi mwenyewe hajasema.”

Akafikiri kidogo, akiangalia makondakta wakigombea abiria.

“Basi atakuwa mtu wa palepale,” alisema.