Januari, Kokwa Zikiwa Bado Chini

Nyegezi ninayoikumbuka, ya miaka ya tisini, ilikuwa ya mawe na miembe. Ukiacha barabara ya Shinyanga ukashuka kuelekea ziwani, kila mji ulikuwa na dodo lake limebanwa katikati ya majabali. Kwetu kulikuwa na miembe miwili na michungwa michache, na mwenye mamlaka juu yake alikuwa baba yake mama, tuliyemwita guku, kama Wasukuma wamwitavyo babu. Ujanani alikuwa kibarua katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kule Misungwi. Kituo kile kilijulikana kwa pamba, lakini guku alirudi na msumeno mdogo na ubishi mwingi kuhusu miti ya matunda.

Ubishi wenyewe ulikuwa wa tarehe. Mtaani watu walikata matawi Juni na Julai, na walikuwa na sababu zao: mvua imekwisha, kuni zinakauka upesi, na kazi za shamba zimepungua. Guku aliwapita njiani akisema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Hao wanakata maembe ya Krismasi." Na ndivyo ilivyokuwa. Ua la mwembe hutoka kwenye ncha ya tawi lililokwisha kukomaa. Kwetu maua hayo huja wakati wa kiangazi, na maembe huiva kuanzia Novemba. Ukipitisha panga Julai unaziondoa ncha zote, na mti hukujibu kwa majani mapya mekundu, mazuri ya kutazama, yasiyolika.

Yeye alipogoa Januari, siku zile zile tulipokuwa tukiokota maembe ya mwisho. Machipukizi yalianza na unyevu wa vuli, yakanyweshwa na masika, na kiangazi kilipoingia yalikuwa yamekomaa vya kutosha kubeba maua. Mama hakuipenda kalenda hiyo hata kidogo, maana kuni za Januari ni mbichi na jiko letu lilikuwa na kidirisha kimoja.

"Baba, si ungengoja Juni?"

"Kuni utaokota popote, mwanangu. Embe utaokota wapi?"

Mama alinyamaza, akaenda kupuliza moto huku machozi yakimtoka. Mpaka leo naona kila mmoja alikuwa na haki yake.

Kazi yenyewe aliifanya polepole mno. Aliyatoa kwanza matawi yaliyokufa, kisha yanayosuguana, kisha moja au mawili ya katikati ili jua liingie. Tawi nene alilianzia kwa chini, akalikata kidogo, ndipo akahamia juu. La sivyo hukatika kwa uzito wake na kuchuna gome la shina. Hakuacha kisiki, wala hakukata mpaka akagusa shina. Aliiacha ile shingo iliyovimba mahali tawi linapoanzia, kwa kuwa gome jipya hutokea hapo na kuziba kidonda. Januari 1998 msumeno haukushuka ukutani. Mvua za El Nino zilikuwa hazijakatika, ziwa lilikuwa limepanda, na guku alisema kidonda hakiponi kikiwa kinanyeshewa kila siku.

Kisa kilichompa jina mtaani, hata hivyo, hakikuwa cha mwembe. Jirani yetu, mama mmoja aliyekaanga samaki, alikuwa na mchungwa wa kubebesha uliozaa vizuri miaka kadhaa, kisha ukaanza kutoa malimau yenye ganda la manundu. Maneno yakaenea haraka. Mti umegeuzwa, na wa kuugeuza alitajwa, tena kwa jina la ukoo. Guku alikwenda na jembe, akafukua udongo kuzunguka shina, akatuonyesha kovu la mahali mchungwa ulipobebeshwa juu ya mlimau. Chini ya kovu palikuwa pametoka maotea manene yenye miiba, yaliyokwisha kuupita mchungwa kwa urefu. Yangeng'olewa yakiwa laini, ya ukubwa wa kidole, yasingefika hapo. Sasa yalikuwa yanakula chakula chote, na mchungwa wenyewe ulibaki na tawi moja lenye majani ya manjano.

"Tuyakate leo," akasema, "hili tawi linaweza kupona."

Yule mama aliyaangalia malimau, akaangalia karai lake la mafuta. Sato bila limau hauziki, alisema, na sokoni limau moja analinunua kwa bei inayomuumiza. Akaomba mti uachwe, na tawi la mchungwa ndilo likatwe.

Guku alikasirika siku nzima. Wiki iliyofuata nilitumwa kwa mama yule na sahani, nikanunue samaki wa guku, na nikaagizwa nisisahau kuomba limau.