Katanika: Nguruwe anashiba, lakini hakui

Nyuma ya nyumba ya majani, katika eneo la wakimbizi wa ndani la Katanika, hapa Kalemie, mama mmoja aliyekimbia vita upande wa Nyunzu mwaka 2017 anafuga nguruwe mmoja. Nguruwe huyo ana kilo kama 30. Juu ya mgongo wake iko pesa ya shule ya mtoto wa sekondari, mwezi wa tisa.

Kule kijijini nguruwe alijitafutia chakula mwenyewe. Katanika anafungwa kamba, maana akila mahindi ya jirani ugomvi unaanza, na ugomvi ndio uliowakimbiza watu. Kwa hiyo chochote anachokula lazima kitoke mkononi mwa mama.

Mama alikuwa amesikia kwamba ngano ina nguvu kuliko muhogo. Alipoona sokoni mfuko wa pumba ya ngano ulioshuka na boti, alitoa pesa ya mandazi aliyouza wiki mbili akaununua. Nguruwe alikula vizuri. Tumbo lilijaa, alilala bila kulia. Lakini mwezi ulipoisha, mifupa ya mgongo bado ilionekana.

Alimwita mzee wa jirani, aliyekuwa mfugaji kabla ya vita. Mzee alichukua pumba kiganjani, akaipuliza, ikaruka.

"Mama, ulinunua ngozi ya ngano. Ngano yenyewe ilibaki kwa waoka mikate."

Maneno hayo yalimuuma, lakini hesabu yake ni ya kweli. Nguvu ya chakula hupimwa kwa kilokalori. Kilo moja ya punje nzima za ngano humpa nguruwe anayekua karibu kilokalori 3,300 ambazo tumbo lake linaweza kuzitumia. Mahindi hutoa karibu 3,400, na muhogo mkavu hauko mbali. Pumba ya ngano hutoa karibu 2,400 tu, kwa sababu unga umeondolewa na yamebaki maganda ambayo tumbo la nguruwe mdogo halisagi vizuri.

Nguruwe wa kilo 30 hula karibu kilo 1.3 za chakula kikavu kwa siku. Akila ngano, anapata kama kilokalori 4,300. Akila pumba peke yake, anapata kama 3,100. Na kila siku karibu 1,500 zinaisha kwa kupumua, kusimama na kutunza joto la mwili. Kinachobaki ndicho kinachojenga nyama. Kwa ngano zinabaki kama 2,800, kwa pumba kama 1,600. Ndiyo maana nguruwe wa mama alishiba bila kukua.

"Basi ninunue unga wa ngano, Baba?" mama aliuliza.

Mzee alikataa. Ngano haipandwi mashambani mwa Kalemie. Inafika ikiwa unga, kwa bei ya mkate. Unga huo ni wa watoto kwanza. Tena ukiwa laini sana unamganda nguruwe mdomoni na kumuumiza tumbo. Hata mwenye bahati ya kupata punje anapaswa kuzitwanga ziwe chembechembe, zisiwe vumbi.

Lakini pumba haikutupwa. Muhogo una nguvu nyingi, ila protini yake ni asilimia 2 au 3 tu. Mahindi yana 8 au 9, ngano 11 hadi 13, na pumba ya ngano hufika karibu 15. Kimoja kinaleta nguvu, kingine kinajenga mwili. Mzee alipanga hivi kwa kilo 10: mahindi kilo 3, muhogo mkavu kilo 3, pumba ya ngano kilo 2, soya iliyokaangwa kilo 1, na kilo 1 ya ndagala zilizovunjikavunjika ambazo wauzaji hawazipati bei. Chumvi kidogo. Mchanganyiko huo unarudisha nguvu karibu na 3,200 kwa kilo, na protini kama asilimia 15.

Alimwonya pia. Muhogo mchungu umenywe, ulowekwe na kukaushwa, kwani una sumu. Chakula chenye ukungu kisitumike. Na makombo yenye nyama ya nguruwe yasimguse kabisa, kwa sababu homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa, na ikiingia Katanika haitabagua nyumba.

Soya mama hakuipata kila wiki. Ikikosekana, anaongeza ndagala kidogo. Pumba sasa anaipima kwa kikombe, na mfuko ule aliodhani umemponza bado unamsaidia.

Mizani hana. Ana uzi, anaouzungusha kifuani mwa nguruwe, nyuma ya miguu ya mbele, kila Jumamosi, na kufunga fundo pale unapokutana. Mwezi wa pumba peke yake, mafundo yalikaribia kukaa mahali pamoja. Wiki tatu baada ya kubadilisha chakula, fundo limesogea vidole viwili.

Mwezi wa tisa haujafika. Mtoto wa sekondari ndiye sasa anayeshika ncha ya pili ya uzi.